Kompyuta ya mezani haiwaki baada ya kuifungua mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Amu

Kompyuta nyingi za mezani zilizoko Amu (Lamu) zimevuka bahari mara mbili. Kwanza zilishuka bandarini Mombasa zikiwa mitumba kutoka ofisi za ng'ambo, kisha zikapakiwa boti pale Mokowe, upande wa bara, zikateremshwa gatini na kumalizia safari juu ya mgongo wa punda. Ndizo zinazotunza hesabu za duka, mitihani ya madrasa, barua za chama cha wavuvi na picha za harusi. Zikiharibika, kipuri hutoka Malindi au Mombasa na huchukua siku zake kufika, kwa hiyo mwenye nyumba huchukua bisibisi akajaribu mwenyewe. Mimi nafurahi anapojaribu. Majibu haya ni ya yule aliyekwisha kufungua, akafunga, na sasa mashine imenyamaza.

Tuelewane kwanza kwa majina. Hapa kwetu boksi lote huitwa CPU, na muuzaji akisikia hivyo anaweza kukuuzia kitu usichokitaka. Katika maelezo haya boksi ni boksi. Prosesa ni kile kipande cha mraba kilichojificha chini ya feni ya katikati. Bodi mama ni ule ubao mkubwa uliobeba kila kitu. Pawa saplai ni lile kasha la chuma linalopokea waya wa umeme kwa nyuma.

Nimeifungua, nimeifunga, haifanyi kazi. Nianzie wapi?

Anza na ulichokigusa. Mashine iliyowaka asubuhi na kukataa jioni, baada ya kufunguliwa, mara nyingi haijafa: kuna kitu hakikurudi mahali pake. Chukua karatasi uandike kila ulichofanya tangu parafujo ya kwanza. Nilitoa ramu, kile kijibao kirefu cha kumbukumbu. Nilipangusa vumbi. Nilichomoa waya wa diski ili mkono upite. Huo waya wa mwisho, uliochomolewa kupisha mkono tu, ndio unaosahaulika kuliko yote, kwa sababu hukuuhesabu kuwa ni kazi.

Kisha chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana pawa saplai ikiwa imechomekwa huendelea kupeleka volti 5 kwenye bodi mama hata mashine ikiwa imelala. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Shika chuma kitupu cha boksi kabla ya kugusa bodi mama. Wako wanaosema kwetu hewa ni ya majimaji na umeme tuli haupo. Ni kweli hupungua, lakini wakati wa kaskazi, siku kavu, na wewe umevaa shati la nailoni, bado unaweza kuua ramu bila kusikia chochote kidoleni.

Sasa rudi nyuma hatua kwa hatua. Kilichochomolewa kichomekwe tena, na kilichochomekwa kichomolewe kirudishwe upya, hata kama kwa macho kimekaa sawa. Ukinunua kipuri kabla ya kufanya hivi, kuna hatari kubwa utabaki na vipuri viwili vizima na mashine ile ile iliyokufa.

Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti. Imekufa?

Angalia mgongoni kwanza. Pawa saplai nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya 0 na I. 0 ni kuzimwa, na mikono inayosukuma boksi ukutani huigusa bila kujua. Jaribu soketi kwa taa au chaja ya simu. Jaribu waya mwingine wa umeme. Tazama mita kama tokeni zimebaki. Mtu akiwa na wasiwasi juu ya alichokifungua huyaruka haya yote.

Kando ya swichi hiyo, mashine nyingi za zamani zina kijiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Hapa Kenya umeme wa nyumbani ni volti 240, kwa hiyo lazima kisomeke 230. Mashine zilizotumika Marekani huja zikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hutapewa onyo: utasikia mshindo, utaona moshi, na pawa saplai imekwisha. Niliwahi kuletewa mashine iliyotoka dukani siku ile ile, mama mmoja ameinunulia wanawe wasomee, na hakuna aliyemwambia habari ya kijiswichi hicho. Ililia mara moja tu. Nakusihi, kabla ya mitumba yoyote kuingia ukutani kwako, pita na kidole nyuma uhakikishe.

Kama hayo ni sawa, fungua ubavu utazame bodi mama ikiwa imechomekwa umeme lakini haijawashwa. Bodi nyingi zina kijitaa kidogo kinachowaka daima. Kikiwaka, umeme umefika, na huenda tatizo ni waya mwembamba wa kitufe cha mbele. Waya huo huingia kwenye vijipini vidogo pembeni mwa bodi, pamoja na wa kuanzisha upya na wa taa mbili. Kwenye plastiki yake huandikwa PWR SW, na jirani yake ni PWR LED. Ukivibadilisha hivi viwili, kitufe kinakuwa pambo. Kukijaribu ni rahisi: chomoa waya wa kitufe, kisha gusisha vile vipini viwili kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Mashine ikiwaka, kitufe au waya wake ndio mbovu.

Kama kijitaa hakiwaki kabisa, shuku pawa saplai, au kitu cha chuma kinachounganisha mahali pasipostahili. Parafujo iliyoanguka chini ya bodi mama inatosha kuizuia mashine isiwake. Inua boksi, litikise polepole, usikilize. Na kama uliitoa bodi yote, hesabu vile vifundo vya shaba vinavyoiinua kutoka kwenye bati. Kikizidi kimoja mahali ambapo bodi haina tundu, kinagusa njia za umeme kwa chini.

Nitajuaje kama pawa saplai ni nzima bila kununua nyingine?

Ichomoe kutoka kwenye bodi mama na vifaa vyote. Katika ile plagi kubwa ya pini 24 (za zamani zaidi zina 20), tafuta waya mmoja wa kijani. Chukua kipande cha waya uunganishe tundu la kijani na tundu lolote la mweusi, kisha chomeka umeme. Feni ikizunguka, ina uhai. Lakini uhai si uzima. Ukiwa na multimita, pima: njano dhidi ya mweusi iwe kati ya volti 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25, ya machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ikiwa nje ya hapo, ndiyo mgonjwa. Ikiwa ndani, bado inaweza kushindwa ikibebeshwa mzigo, kwa hiyo usiitangaze nzima mpaka umeijaribu na mashine.

Hili nalisema kwa uzito: usilifungue kasha la pawa saplai. Ndani mna kapasita zinazobaki na mamia ya volti hata plagi ikiwa imechomolewa, na umeme huo unaweza kuua mtu. Kila kitu kingine ndani ya boksi unaweza kujifunza kwa kukosea. Hicho hapana.

Feni zote zinazunguka, taa inawaka, lakini skrini ni nyeusi. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine, na jibu lake la kwanza ni plagi ndogo ya pini 4 yenye waya mbili za njano na mbili nyeusi. Tangu enzi za prosesa za Pentium 4 za Intel, prosesa hupewa umeme wake peke yake kupitia plagi hiyo, iliyo karibu na prosesa, na mara nyingi imefichwa nyuma ya waya nyingine. Ile kubwa ya pini 24 ikiwa imeingia na hii haikuingia, feni zitazunguka kwa furaha na prosesa haitapata kitu. Maalimu mmoja wa madrasa alihangaika na mashine yake siku nne, akabadilisha monita, akabadilisha waya, akaileta akiwa amekata tamaa. Plagi ilikuwa imelala juu ya diski, haijachomekwa. Nilimwita aitazame, akaichomeka mwenyewe.

Jibu la pili ni monita iliyochomekwa pasipo pake. Kama boksi lina kadi ya picha, kuna matundu mawili ya monita mgongoni: moja la bodi mama, jingine la kadi, chini kidogo. Kadi ikiwepo, mashine nyingi hulifunga lile la bodi. Chomeka kwenye kadi. Kama uliitoa kadi, basi rudi kwenye lile la bodi.

La tatu ni ramu. Itoe, uangalie meno yake ya dhahabu. Yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa raba ya penseli, ile laini, kisha upanguse mabaki kwa kitambaa kikavu. Irudishe ukibonyeza pande zote mbili hadi vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Watu wengi huogopa kubonyeza. Kwa kweli inataka nguvu kidogo. Ziko mbili? Jaribu moja moja, na kila moja katika kila tundu.

Ikishindikana, ivue mashine nguo. Acha bodi mama, prosesa na feni yake, ramu moja, pawa saplai na monita basi. Hakuna diski, hakuna kadi, hakuna kipanya. Ikileta maandishi skrini, rudisha kifaa kimoja kimoja, ukizima na kuchomoa plagi kila mara. Kile kitakachoizima ndicho mkosaji.

Nimenunua ramu ya kuongeza lakini haiingii. Niipunguze kidogo?

La, tafadhali. Ile pengo iliyo kwenye ukingo wa ramu imewekwa ili aina moja isiingie katika tundu la nyingine. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na kwa mbali zinafanana, lakini pengo haliko mahali pamoja, na umeme wake si sawa: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 hutumia 1.5. DDR ya mwanzo ina pini 184. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye ile ya zamani, ipige picha, na umpelekee muuzaji picha hiyo. Ukimwambia tu "ya kompyuta ya zamani", atakupa aliyonayo.

Inalia pii pii. Inasema nini?

Inaeleza ugonjwa wake, ila kila kiwanda kina lugha yake. Kwenye bodi nyingi zenye Award (jina la programu ya kuwashia iliyomo ndani ya bodi), mlio mmoja mrefu na miwili mifupi ni tatizo la picha. HP Compaq nyingi za ofisini hulia na taa nyekundu ikipepesa kwa idadi ile ile: mara 2 ni joto la prosesa, mara 5 ni ramu, mara 6 ni kadi ya picha. Dell OptiPlex za miaka ile hazitegemei mlio. Zina vijitaa vilivyoandikwa 1 hadi 4 mbele, na ile inayowaka na isiyowaka ndiyo habari yenyewe. Rekodi mlio kwa simu, uhesabu ukiwa umetulia, kisha tafuta jina la mashine pamoja na idadi hiyo kwenye intaneti.

Kama hailii kabisa na skrini ni nyeusi, toa ramu zote uiwashe. Bodi nzima yenye spika italalamika. Ikinyamaza hata hapo, tatizo liko kwenye prosesa, bodi au umeme wake, na ramu haina kosa.

Nimebadilisha betri ya saa tu, sasa Windows inaleta skrini ya buluu na kuanza upya. Betri imeharibu diski?

Hapana, na tafadhali usiifute diski. Wengi wamepoteza kazi ya miaka hapa, kwa sababu mtu aliwaambia waweke Windows upya.

Ile betri ya duara, CR2032 ya volti 3, haiendeshi saa peke yake. Hutunza pia mipangilio ya mashine ambayo mtu aliiweka zamani. Ukiitoa, mipangilio yote hurudi ilivyotoka kiwandani. Mojawapo ni namna bodi inavyozungumza na diski. Ziko tatu: IDE, AHCI na RAID. Windows iliwekwa ikiijua moja. Ikiamka ikakuta nyingine, haiwezi kuiona diski yake yenyewe, inaanguka, na kwenye ile buluu kuna maandishi 0x0000007B. Ukiiona namba hiyo baada ya kubadilisha betri, karibu una hakika.

Zima, washa, na mara moja bonyeza kitufe cha mipangilio: F2 kwa Dell, F10 kwa HP nyingi, Delete kwa bodi nyingi nyinginezo. Tafuta panapoandikwa habari za SATA, yaani muunganisho wa diski na bodi. Andika kwanza palivyo sasa, kisha badilisha kwenda nyingine, hifadhi, uiwashe. Kama si hiyo, jaribu ya tatu. Baadhi ya OptiPlex kiwandani huwekwa RAID, na fundi aliyeweka Windows aliibadilisha bila kumwambia mtu. Kubadili chaguo hili na kulirudisha hakufuti chochote.

Ukiwa humo humo, weka tarehe na saa sawa, na hakikisha diski ndiyo ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha. Mashine inayosema haioni mfumo wa kuendeshea mara nyingi inatazama flashi uliyoisahau mbele.

Intaneti ipo lakini kila tovuti inasema si salama.

Tazama mwaka ulioko pembeni mwa skrini. Ikiwa saa imerudi nyuma miaka kadhaa, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma tena kila ukichomoa umeme, betri ni dhaifu au imewekwa kichwa chini. Upande wenye alama ya kujumlisha hutazama juu.

Inawaka vizuri dakika tano, kisha inazima ghafla. Niliisafisha tu feni.

Uliitoa feni pamoja na kile kipoza joto cha chuma kilicho chini yake, sivyo? Kati ya kipoza joto na prosesa kuna dawa ya kijivu au nyeupe inayopitisha joto. Ukishaitenganisha, ile ya zamani haifai tena. Ifute yote kwa kitambaa na spiriti ya isopropili mpaka chuma king'ae, kisha weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Ukijaza kama siagi kwenye mkate, joto linakwama badala ya kupita. Dawa ya meno, ambayo nimeiona ikitumika, hukauka kwa siku chache.

Kisha angalia ilivyoshikwa. Prosesa za Intel za tundu la 775, zilizoanza 2004 na ndizo nyingi katika mitumba, zina kipoza joto chenye miguu minne ya plastiki inayosukumwa hadi ilie. Sukuma kwa mshazari: wa kwanza, kisha unaotazamana nao kwa pembe. Ukisukuma upande mmoja wote kwanza, mwingine huinuka. Mguu mmoja usiposhika, kipoza joto huinama na prosesa huungua upande. Igeuze bodi, au chungulia kwa chini, uone ncha zote nne zimetokeza na kutanuka.

Punda huhusika hapa. Kipoza joto ni kizito, na boksi likisafirishwa limesimama, likitikisika kutoka gatini hadi juu mtaani Mkomani, mguu uliochoka hufunguka wenyewe. Kama mashine ilianza kuzima baada ya kuhamishwa, angalia hapo kabla ya popote.

Kwenye mipangilio kuna ukurasa wa joto. Mashine isiyofanya kazi ikikaa kati ya nyuzi 40 na 55 za Selsiasi kwa hali yetu ya hewa, sina shida. Ikipanda bila kusimama hadi 80 na kuendelea ukiitazama, izime, mgusano si mzuri. Na feni ya prosesa lazima ichomekwe penye maandishi CPU_FAN; ikichomekwa kwingine, bodi nyingi hukataa kuendelea.

Ndani mna kutu na unga wa kijani. Ni kwa sababu ya bahari?

Ndiyo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya intaneti yameandikwa na watu wasiokaa kando ya maji ya chumvi.

Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, matone madogo ya bahari huruka na kukauka hewani, na chembe za chumvi huingia hata nyumba za ndani, mbali na Usita wa Pwani, njia ya ufukweni. Feni ya boksi huzivuta siku nzima. Chumvi hunyonya maji kutoka hewani pindi unyevu unapozidi asilimia 75 hivi, na hapa kwetu hilo ni jambo la kila usiku. Vumbi lililotulia juu ya bodi likishika chumvi na maji, linakuwa njia ya umeme, tena linalokula shaba. Ule unga wa kijani ni shaba iliyokwisha kuliwa. Ndiyo maana mashine nyingine hukataa asubuhi na kukubali mchana jua likipanda: imekauka.

Namna ya kusafisha: toa vumbi kavu kwanza kwa brashi laini ya rangi, nje, kwenye daka au juu ya dari, huku umeizuia feni kwa kidole isizunguke. Kisha brashi ya meno mpya na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, ukisugua penye kijani na kwenye matundu ya ramu. Spiriti ya duka la dawa inayotumika kwa vidonda huwa na maji mengi zaidi, na nyingine hutiwa mafuta. Itumie ukikosa kabisa, na uache ikauke siku nzima. Usipulize kwa mdomo, maana mate yana chumvi pia. Usipake mafuta ya nazi popote. Feni inayolia inaweza kupewa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko chake, basi.

Kuzuia ni bora. Usiweke boksi sakafuni chini ya dirisha linalotazama bahari, wala usiligusishe na ukuta wa matumbawe, maana kuta zetu hunyonya na kutoa unyevu. Mashine ikizoea kuwashwa kila siku saa moja mbili hudumu kuliko inayofungiwa miezi, kwa kuwa joto lake hukausha ndani. Kitambaa cha kufunikia ni kizuri ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka kiondoe kabisa.

Kuna vijikopo kwenye bodi vimevimba juu. Ni hatari?

Ni kapasita, na zikivimba juu penye ile alama ya msalaba, au zikitoa ute wa kahawia, zimechoka. Bodi nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilipata kapasita mbovu, kwa hiyo usijilaumu, huenda hukuhusika. Dalili zake ni mashine inayohitaji kuwashwa mara tatu ndipo ikubali, au inayojianzisha upya. Fundi wa redio mwenye mkono mzuri wa solda anaweza kuzibadilisha. Uwezo katika mikrofaradi uwe ule ule. Volti ziwe zile zile au zaidi. Na alama ya upande hasi isigeuzwe.

Diski inagonga tk, tk, tk.

Izime sasa. Usiiwashe tena "kuona kama imepona". Zamani nilifanya hivyo na diski ya mwanafunzi aliyekuwa na kazi yake ya mwaka mzima ndani. Niliiwasha mara nyingi nikitumaini, na kila mara kichwa cha kusomea kiliikwaruza zaidi. Kazi ile haikurudi, na bado inaniuma. Lakini kama mlio ulianza baada ya kuifungua, badilisha kwanza plagi ya umeme ya diski na waya wa SATA, mara moja tu, maana umeme dhaifu nao huigongesha. Ikikubali, kitu cha kwanza ni kunakili mafaili yako kwingine, kabla ya kuifunga boksi.

Stima ikipotea na kurudi inaua mashine?

Kupotea huharibu mafaili. Kurudi huharibu vifaa, kwa kuwa hurudi na mruko. Ikipotea, chomoa. Subiri dakika kadhaa baada ya kurudi. UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukipotea, inatosha kukupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo.

Maalimu, niambie ukweli: inafaa kuhangaika na mashine ya zamani hivi?

Kama ni Core 2 Duo au mpya zaidi, bodi yake haijavimba kapasita, na inakubali ramu ya GB 4, mimi nahangaika nayo. Ukiitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani), hata ndogo, mtu haamini ni ile ile. Kuhusu mfumo, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine hizi hazina kinachotakiwa na Windows 11. Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa kuendeshea usio wa Microsoft, inakaa vizuri kwenye GB 4, ni bure, na kwa kuandika, kusoma na intaneti inatosha. Pentium 4 yenye MB 512 siitengenezi tena kwa pesa ya mtu. Naitoa pawa saplai na parafujo zake kuwa akiba.

Nimejaribu yote. Nikiipeleka kwa fundi nimwambie nini?

Mpe ile karatasi uliyoandika mwanzo, pamoja na usichotaka kukisema: kwamba ramu uliilazimisha, au chai ilimwagika. Itamwokolea saa nyingi, nawe pesa. Kama una mafaili ya thamani, toa diski ubaki nayo nyumbani, maana ugonjwa wa kutowaka hautaki diski kuutafuta.

Boksi lenyewe, ukilivusha Mokowe, lilaze ubavu ili bodi mama iwe chini na kipoza joto kiwe juu yake kimesimama wima, lifunge plastiki, kisha shuka nzito juu. Parafujo zitie kwenye kikopo cha dawa kilichokauka, uandike juu yake zimetoka wapi.